Aliyebuniwa na aliyefutwa: namna ya kuielewa filamu ya Don Cheadle kuhusu Miles Davis

Katika filamu ya Miles Ahead kuna mahali mpiga tarumbeta Miles Davis anaingia ofisi za kampuni ya rekodi ya Columbia, New York, kudai pesa zake. Maneno yanakuwa makali, anachomoa bastola. Baadaye kanda yenye muziki wake inaibwa, naye anaondoka kuwasaka wezi: magari yanafukuzana, risasi zinarushwa, na ubavuni kwake muda wote yupo mwandishi wa jarida la Rolling Stone anayeitafuta habari ya kurudi kwake jukwaani. Wizi huo haukutokea. Mbio za magari ni za kubuni. Mwandishi huyo hakuwahi kuwepo duniani.

Mtu aliyelipa kiingilio kutazama wasifu wa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa karne ya 20 ana haki ya kuuliza kwa nini ameoneshwa sinema ya majambazi. Swali hilo limeulizwa tangu filamu ilipotoka Oktoba 2015, usiku wa kufunga Tamasha la Filamu la New York, na jibu jepesi ni kwamba mwongozaji hakuuheshimu ukweli. Mimi silikubali jibu hilo. Mambo yaliyobuniwa katika filamu hii yana kazi, na kazi hiyo inaonekana ukishajua Miles alikuwa katika hali gani kwenye miaka inayosimuliwa. Kosa la filamu lipo, tena kubwa, lakini haliko kwenye bastola wala kwenye magari. Liko kwa mtu aliyeondolewa katika kisa.

Aliyeiongoza filamu, akashirikiana na Steven Baigelman kuandika skripti, kisha akamwigiza Miles, ni mtu mmoja: Don Cheadle. Sisi wa Afrika Mashariki tulimfahamu zaidi kupitia Hotel Rwanda ya 2004, alipocheza kama meneja wa hoteli Paul Rusesabagina na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu ile ililetwa kwa watazamaji kama kisa cha kweli, na wengi tuliipokea hivyo. Kisha baadhi ya manusura wa mauaji ya kimbari waliokuwa wamekimbilia Hôtel des Mille Collines mjini Kigali wakajitokeza hadharani kupinga namna ilivyomchora meneja yule. Ubishi huo ulikuwa mchungu kwa sababu filamu ilikuwa imeomba kuaminiwa. Miles Ahead haiombi kuaminiwa kwa namna hiyo. Ubunifu wake umewekwa mezani, mkubwa kiasi kwamba mtazamaji makini hawezi kuuchukua kuwa historia. Cheadle mwenyewe alieleza kwamba alitaka kutengeneza filamu ambayo Miles angetamani kuiigiza, na Miles, mtu wa ndondi, magari ya kasi na nguo za bei mbaya, asingetamani kuigiza somo la historia.

Miaka isiyo na cha kusimulia

Miles Dewey Davis wa Tatu alizaliwa 26 Mei 1926 huko Alton, jimbo la Illinois, akakulia East St. Louis. Baba yake alikuwa daktari wa meno mwenye mali na shamba, kwa hiyo ile hadithi iliyozoeleka ya mwanamuziki mweusi aliyeibuka kutoka ufukarani haimhusu kabisa. Mwaka 1944 alipelekwa New York kusoma katika chuo cha muziki cha Juilliard. Usiku alikuwa akimsaka mpiga saksafoni Charlie Parker kwenye vilabu vya Mtaa wa 52. Kabla hajafika miaka 30 alikuwa ameshaingia kwenye heroini na kujitoa. Mwaka 1959 ikatoka albamu yake ya Kind of Blue. Katika miaka ya 1960 likaja kundi lake na Herbie Hancock na Wayne Shorter, halafu vinanda na gitaa za umeme, halafu albamu ya Bitches Brew mwaka 1970. Kila mara wasikilizaji walipomfikia alipokuwa, yeye alikuwa ameshahama.

Mwaka 1975 akanyamaza. Alikuwa na umri wa miaka 49. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, selimundu ilimtesa kwa maumivu ya viungo, na juu ya hayo kulikuwa na pombe, vidonge vya kutuliza maumivu na kokeini nyingi mno. Alijifungia nyumbani kwake Mtaa wa 77 Magharibi, Manhattan. Katika tawasifu aliyoiandika pamoja na Quincy Troupe na kuchapishwa mwaka 1989, anasema hakuishika tarumbeta kwa zaidi ya miaka minne. Columbia iliendelea kumlipa ingawa hakuwapa albamu mpya. Machi 1978 aliingia studio na mpiga gitaa Larry Coryell na wenzake, akagusa kinanda tu, na rekodi ile haikutolewa. Anayetafuta mbegu ya ile kanda ya kwenye filamu, nadhani ataipata hapo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwongozaji. Kinachofanyika katika miaka hiyo, kwa nje, karibu hakipo: mtu mgonjwa, nyumba chafu, runinga, wauza dawa, wanawake wanaoingia na kutoka. Waandishi wengi wa wasifu hupita hapo kwa aya mbili wakakimbilia kurudi kwake jukwaani mwaka 1981. Cheadle aliamua kuifanya miaka hiyo ndiyo kitovu, kwa hoja ambayo naiona sahihi: mwanamuziki asiyepiga muziki ndiye anayetuacha tumwone mtu mwenyewe. Ila alihitaji njia ya kuonesha kilichokuwa kikiendelea kichwani, na kichwani mwa Miles kulikuwa na vurugu ya kutosha. Tawasifu yake inasimulia siku aliyolitelekeza gari lake la Ferrari barabarani, akaingia kwenye lifti ya jengo akiamini bado yuko ndani ya gari, akampiga kofi mwanamke aliyemkuta humo huku akimuuliza anafanya nini garini mwake.

Kisome kisa hicho, kisha itazame tena filamu. Ndani ya lifti, Miles anasukuma ukuta, ukuta unaachia, naye anaingia moja kwa moja katika maisha yake ya miaka 20 nyuma. Kwenye pambano la ndondi, bendi yake ya zamani inapiga muziki ndani ya ulingo. Mtu ambaye mipaka ya lifti na gari imemfutikia anaweza kuona hayo. Kufukuzana na wezi ni sehemu ya homa hiyohiyo: hofu ya mtumiaji wa kokeini kwamba kila mtu anakuja kumwibia, imepewa sura, sauti na magurudumu. Kijana anayeiba kanda anaitwa Junior, naye ni mpiga tarumbeta mwenye kipaji aliyezama kwenye dawa za kulevya. Junior ndilo jina ambalo Miles mwenyewe aliitwa nyumbani utotoni. Anayemkimbiza ni nani, basi?

Kwa nini asisimulie tu kwa mpangilio?

Filamu za wasifu wa wanamuziki zina njia yake iliyokanyagwa hadi ikawa barabara. Mtoto anapata jeraha la moyo, kipaji kinagunduliwa, umaarufu unakuja, dawa za kulevya zinakuja nao, mke anavumilia, anguko, kisha jukwaa la mwisho lenye makofi. Ray ya 2004, ambayo Jamie Foxx alimwigiza Ray Charles na kuchukua Oscar, ilipita humo, na iliipita vizuri. Shida ya barabara hiyo ni kwamba inalazimisha kila msanii awe na maisha ya aina moja: dhiki inazaa sanaa, sanaa inatibu dhiki. Kwa Miles haikuwa hivyo. Muziki wake mkubwa wa 1959 aliufanya akiwa mzima, ameshaacha heroini, ana pesa na ana mwanamke anayempenda. Dawa zilipomrudia kwa nguvu zote, hazikumpa wimbo wowote. Zilimpa miaka mitano mitupu.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo utetezi bora wa umbo la filamu hii, nalo linahusu namna rekodi za Miles zilivyotengenezwa. Mwaka 1969, kwenye In a Silent Way, wanamuziki walipiga muda mrefu huku kanda ikizunguka. Baadaye mtayarishaji Teo Macero alikaa na wembe, akakata kanda, akaunganisha vipande, akatupa vingi. Upande wa pili wa sahani ile unaanza kwa wimbo wa taratibu, unaingia kwenye mdundo mrefu, kisha ule wimbo wa taratibu unarudi mwishoni. Haukupigwa mara mbili. Macero aliunakili mwanzo akaubandika mwisho. Bitches Brew ilikatwa na kushonwa kwa namna hiyohiyo, baadhi ya vipande vikirudiwarudiwa kwa mikato ya kanda. Kwa hiyo tunachokisikia katika rekodi hizo hakikuwahi kutokea studio kwa mpangilio tunaousikia, na hakuna mpenzi wa Miles anayesema rekodi hizo ni uongo.

Cheadle na wahariri wake walikata filamu kwa mkono wa Macero. Tukio la 1979 linakatwa katikati, linaunganishwa na la 1959, linarudi likiwa na rangi nyingine. Mwanamke anapita barabarani na uso wake unakuwa uso wa jalada la albamu. Ukiingia ukitafuta tarehe utachoka mapema. Ukiisikiliza filamu zaidi ya kuitazama, mikato inaanza kuwa na maana, kwa sababu mara nyingi kinachounganisha matukio mawili ni sauti ya tarumbeta inayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Na sauti hiyo ni nani anapiga? Hapo pia pana kazi ya kushona. Cheadle, ambaye alipiga saksafoni akiwa kijana, alijifunza tarumbeta kwa miaka ili vidole, pumzi na mkao wa midomo viwe vya kweli. Sehemu kubwa ya tunachokisikia ni rekodi za Miles mwenyewe. Palipohitajika sauti mpya alipiga Keyon Harrold, mzaliwa wa Ferguson, Missouri, ng'ambo ya mto kutoka East St. Louis, na muziki wa filamu ukasimamiwa na mpiga piano Robert Glasper. Albamu ya nyimbo za filamu hiyo ilipata Grammy mwaka 2017. Hata ile sauti ya kukwaruza anayozungumza nayo Cheadle ina historia: katikati ya miaka ya 1950 Miles alifanyiwa upasuaji wa koo, akapaza sauti kwa hasira kabla kidonda hakijapona, na tangu hapo akazungumza kwa mnong'ono hadi alipofariki 28 Septemba 1991.

Mzungu wa lazima

Yule mwandishi wa Rolling Stone, Dave Braden, anaigizwa na Ewan McGregor, nyota wa Uskoti. Kwa nini filamu ya Miles Davis imejaa Mzungu asiyekuwepo? Cheadle hakulificha jibu: bila mwigizaji mweupe mwenye jina, wenye pesa wasingetoa pesa. Safari ya filamu hii ilianza kujulikana mwaka 2006, Miles alipoingizwa kwenye jumba la heshima la Rock and Roll na mpwa wake, mpiga ngoma Vince Wilburn, akasema hadharani kwamba wa kumwigiza mjomba wake ni Don Cheadle. Ilichukua miaka minane hadi kamera zianze kuzunguka mwaka 2014, tena Cincinnati, Ohio, iliyovishwa sura ya New York. Sehemu ya bajeti ilichangishwa kwa umma kupitia intaneti, zaidi ya dola 300,000, na Cheadle akaweka za kwake.

Anayejua habari za majalada ya Miles hawezi kushangaa. Jina la filamu limetokana na albamu ya 1957 aliyoifanya na Gil Evans. Albamu ile ilipotoka, Columbia waliiwekea jalada lenye mwanamke wa Kizungu juu ya mashua ya matanga. Miles alikasirika. Jasho lake, jina lake, na sura ya kuuzia bidhaa ikawa ya mtu asiyehusika. Baadaye jalada lilibadilishwa likawekwa picha yake akipiga tarumbeta. Miaka 57 baada ya jalada lile, filamu yenye jina lilelile ikashindwa kupata mtaji hadi iwekewe sura nyeupe. Sijui kama Cheadle alichagua jina kwa kulikumbuka hilo, ila mimi silisahau kila nikiliona tangazo la filamu likiwa na wanaume wawili.

Baada ya hapo Miles alijitwalia mamlaka juu ya majalada. Kwenye Someday My Prince Will Come ya 1961 aliweka sura ya mkewe, mcheza dansi Frances Taylor. Kwenye Sorcerer ya 1967 alimweka mwigizaji Cicely Tyson. Kwenye Filles de Kilimanjaro, albamu ya 1968 yenye jina la mlima wetu, alimweka Betty Mabry, mwanamuziki aliyemuoa mwaka huohuo. Wanawake watatu weusi, wakati ambapo maduka ya sahani ya Marekani hayakuwa na desturi ya kuweka nyuso kama zao mbele. Yashike majina hayo matatu.

Frances, na usiku wa Birdland

Moyo wa filamu ni Frances, anayeigizwa na Emayatzy Corinealdi. Frances halisi alikuwa amecheza dansi katika kundi la Katherine Dunham, na alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza wa West Side Story pale Broadway. Miles alimtaka aache. Filamu inaonesha hilo bila kulipaka sukari: mwanamke aliyekuwa na jukwaa lake anaambiwa mahali pake ni nyumbani, anakubali, na nyumba hiyo inageuka gereza la wivu, kokeini na ngumi. Miles alikiri katika tawasifu yake kwamba aliwapiga wanawake. Frances alimtoroka katikati ya miaka ya 1960, wakaachana rasmi 1968. Filamu inamfanya mzimu unaomtembelea Miles kila anapofungua mlango wa kumbukumbu, na nadhani ni haki, kwa sababu mwanamume yule hakuacha kusema kwamba Frances ndiye alikuwa mke wa maisha yake.

Tukio la Birdland halikubuniwa. Kind of Blue ilitoka 17 Agosti 1959. Siku nane baadaye, tarehe 25, Miles alikuwa akipiga muziki katika klabu ya Birdland, Broadway. Wakati wa mapumziko alimsindikiza mwanamke wa Kizungu hadi kwenye teksi, akabaki nje akivuta sigara. Polisi akamwambia aondoke hapo. Akamjibu kwamba anafanya kazi hapo na kuonesha jina lake kwenye bango la taa. Muda mfupi baadaye kachero mmoja akampiga kichwani kutoka nyuma. Picha za magazeti zinamwonesha na koti lake limelowa damu, Frances akiwa amefika kituoni. Mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye, lakini aliandika kwamba usiku ule ulimbadilisha, ukamfanya awe mchungu tena baada ya kipindi alichoanza kulegea moyo.

Katika filamu ya kawaida ya wasifu tukio kama hilo lingekuwa kilele, lenye muziki wa huzuni chini yake. Hapa linapita haraka, limebanwa kati ya upuuzi wa kufukuzana na majambazi. Mwanzoni niliona ni dharau. Nikaja kuona kwamba ni pigo lililopangwa: baada ya risasi nyingi za kubuni ambazo hazimuumizi mtu yeyote kwa maana halisi, rungu moja la kweli linauma kuliko zote.

Wengine walijaribuje?

Mwezi mmoja kabla ya filamu ya Cheadle kutoka, tamasha la Toronto lilionesha Born to Be Blue ya Robert Budreau, Ethan Hawke akimwigiza Chet Baker, mpiga tarumbeta wa Kizungu aliyezama katika heroini na kuvunjwa meno kwa kipigo mwaka 1966. Nayo ilibuni kwa mkono mkubwa. Inaanza kwa Baker kuigiza filamu ya maisha yake mwenyewe, filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa, na mpenzi wake Jane, anayeigizwa na Carmen Ejogo, ni mchanganyiko wa wanawake kadhaa. Kilele chake ni Baker kurudi kupiga Birdland baada ya kuvunjwa meno, wakati Birdland ile ilikuwa imeshafungwa mwaka 1965. Tofauti ni kwamba Budreau anabuni kwa sauti ya chini, kila kitu kikifanana na ukweli, kwa hiyo mtazamaji anaondoka akidhani Jane aliishi. Naipenda filamu hiyo, Hawke ni mzuri mno ndani yake, lakini ndiyo ambayo ningemwonya mtu kuihusu.

Bird ya Clint Eastwood, ya mwaka 1988, ilichukua njia ya tatu. Forest Whitaker, ambaye baadaye tulimwona akiwa Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda, alimwigiza Charlie Parker na kupata tuzo ya mwigizaji bora Cannes. Mafundi waliitenga saksafoni ya Parker kutoka kwenye rekodi za zamani, wakaondoa wapigaji wengine, kisha wanamuziki wa miaka ya 1980 wakapiga upya nyuma yake. Ni ufundi wa ajabu na ulipata Oscar ya sauti. Hata hivyo filamu yenyewe ina giza moja tu, kana kwamba Parker hakuwahi kucheka. Parker alifariki Machi 1955 akiwa na miaka 34, na Eastwood anamfanya afe tangu dakika ya kwanza. Miles wa Cheadle anaumwa, anatukana, anachechemea, lakini yu hai, na ana vichekesho.

Aliyefutwa

Turudi kwenye yale majalada. Frances yumo katika filamu. Cicely Tyson hayumo.

Tyson alimjua Miles tangu miaka ya 1960, akarudi katika maisha yake mwishoni mwa miaka ya 1970, yaani katika miaka ileile ambayo filamu inadai kuisimulia. Alikuwa nyota kwa haki yake mwenyewe, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa Sounder ya 1972. Ndiye aliyemsukuma aachane na kokeini, akambadilishia chakula, akasimamia afya yake. Wakafunga ndoa Novemba 1981. Kurudi kwa Miles kulikuwa na mikono mingine pia: George Butler wa Columbia aliyekuwa akimbembeleza kwa subira, na mpwa wake Wilburn na vijana wenzake wa Chicago waliompelekea nyimbo hadi wakaingia kwenye The Man with the Horn ya 1981. Hao ndio waliomtoa mtu katika nyumba ya Mtaa wa 77. Kwenye filamu kazi hiyo inafanywa na mwandishi wa kubuni, kijana mwizi na kanda.

Sina ugomvi na kubuni. Ila linganisha mambo mawili haya. Mtazamaji anayeziona risasi za filamu hii anaweza kujua, hata asipowahi kusikia jina la Miles, kwamba anatazama tamthilia. Hakuna namna yoyote ya kujua, kwa kutazama filamu peke yake, kwamba palikuwepo na mwanamke wa pili. Kilichoongezwa kinajitangaza, kilichoondolewa hakiachi hata kovu. Tena kuondolewa kwake kunabadilisha maana ya kisa: bila Tyson, Miles anajiokoa mwenyewe kwa ukaidi na bastola, na upendo wa mwanamke unabaki kitu cha zamani alichokipoteza, kumbukumbu nzuri yenye mavazi ya miaka ya 1950. Kuuguza, kupika, kufukuza wauza dawa mlangoni na kuvumilia matusi ya mgonjwa ni kazi isiyopigika vizuri kwenye kamera kama mbio za magari, na ndiyo iliyomrudisha Miles jukwaani.

Filamu inaishia kwenye jukwaa lisilo na mwaka. Cheadle, akiwa bado Miles, anapiga pamoja na Herbie Hancock na Wayne Shorter halisi waliozeeka, Esperanza Spalding kwenye besi, Gary Clark Jr. kwenye gitaa. Mgongoni mwake kumeandikwa maneno ya muziki wa kijamii, jina ambalo Miles alilipendelea badala ya jazi. Nalipenda tukio hilo kuliko mengine yote katika filamu, kwa sababu hapo ubunifu unasema jambo ambalo hakuna hati inayoweza kulithibitisha: kwamba angekuwepo, angekuwa anapiga na vijana.

Anayetaka historia iliyopangika aitafute Miles Davis: Birth of the Cool, filamu ya hali halisi ya Stanley Nelson ya 2019, ambamo Frances Taylor mwenyewe anasimulia, uzeeni, kwa ucheshi na uchungu, kilichotokea ndani ya nyumba ile. Ilirekodiwa kwa wakati, kwani alifariki Novemba 2018. Na Tyson aliandika upande wake katika tawasifu ya Just as I Am, iliyotoka 26 Januari 2021, siku mbili kabla hajafariki akiwa na umri wa miaka 96. Humo Miles si shujaa wa sinema ya majambazi wala si mzimu. Ni mume mgonjwa, mwongo wakati mwingine, mpole wakati mwingine, anayepaswa kulishwa. Ningependa mwongozaji mmoja akichukue kitabu hicho na kubuni juu yake kwa ujasiri uleule alioutumia Cheadle.